Castory Nyoni na Boksi Lililosubiri Mgeni Rasmi

Leo, tarehe 30 Juni 1999, Bwana Castory Nyoni, Mkuu wa Mafunzo wa kituo chetu hapa Kikuyu, Dodoma, anastaafu baada ya miaka ishirini na tano ya utumishi. Kamati ya maandalizi imeniomba mimi, Debora Ndahani, mwalimu niliyefanya kazi chini yake, niandike wasifu wake kwenye ratiba hii ya sherehe. Waliniambia niandike ukweli, ila niuchangamshe. Haya.

Alitoka Songea kijana, akaja Dodoma, akalikuta vumbi na kulilalamikia mpaka leo. Kwa miaka mingi alisimamia mafunzo ya mafundi wa serikali. Soko lilipoachiwa huria na viwanda vikaanza kupunguza watu, kituo kikabadilishiwa kibao: sasa tuifundishe jamii biashara ndogondogo na usalama kazini. Castory akabadilika pamoja na kibao. Wiki haikuisha, tayari alikuwa mtaalamu.

Sauti anayo, tusimnyime haki yake. Akisimama kueleza faida na hasara, hata mbuzi waliopita uani walisimama kidogo. Tatizo ni kwamba kila kitu kilichopita mikononi mwake lazima kizinduliwe. Semina haikuanza bila mgeni rasmi. Akina mama wa kutengeneza sabuni waliwahi kukaa juani tangu asubuhi wakifanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mheshimiwa, ambaye alitokea saa nane, akasoma hotuba, akala pilau, akaondoka. Sabuni yenyewe haikufundishwa, muda ulikuwa umekwenda. Vyeti walipata wote.

Miaka ile kila mwenye dirisha la kuelekea barabarani aligeuka mwenye duka. Castory naye akafungua lake, au niseme hakulifungua. Alijaza bidhaa, akapaka rangi, akafunga utepe mlangoni, akaanza kumsubiri diwani. Diwani ana mambo yake. Biskuti zikalainika, panya wakauzindua unga, wateja wakavuka barabara kwenda kununua kwenye duka la Hasani. Na bado Jumatatu alikuja darasani kueleza namna ya kumjali mteja. Tulimsikiliza, tungefanyaje, ndiye bosi.

Hayo tuliyacheka. Ya Ihumwa hatukuyacheka.

Mwaka 1996 wafadhili walileta boksi la miwani ya kukinga macho kwa ajili ya akina mama wanaoponda kokoto Ihumwa, upande wa reli. Castory aliwafundisha mwenyewe, na alifundisha vizuri. Alivaa miwani, akashika nyundo, akaeleza jinsi kipande kidogo cha jiwe kinavyoweza kuruka na kupasua jicho. Kila mama akaijaribu, wakachekana pale. Jioni akaikusanya yote, akairudisha kwenye boksi, akalifungia stoo hapa Kikuyu na kutia ufunguo mfukoni. Kisa? Haijakabidhiwa rasmi! Mgeni rasmi alikuwa safarini.

Mgeni rasmi akaahirisha, akaahirisha tena. Akina mama wakaendelea kuponda macho wazi, maana mtoto mwenye njaa haahirishwi. Loisi Chilongani, mwenyekiti wa kikundi chao, akaja hapa ofisini. Alisalimia kwa adabu zote, akaomba wapewe hata kwa kuazima tu, na siku ya sherehe wangeirudisha ikiwa imeoshwa. Nilikuwepo. Castory alimjibu kwa upole kabisa kwamba mama, kitu cha mfadhili hakitumiki kabla hakijazinduliwa, mheshimiwa atatuonaje? Loisi akarudi Ihumwa mikono mitupu. Mwezi haukuisha, kipande cha jiwe kikamwingia jicho la kushoto, vilevile kama alivyofundishwa. Madaktari walijitahidi. Jicho halikupona.

Mgeni rasmi akaja, hatimaye. Utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa, picha zikapigwa. Na Castory, jamani, alimsimamisha Loisi mbele ya watu, akamvalisha miwani juu ya bandeji, akasema wageni wajionee wenyewe umuhimu wa vifaa vya kinga. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye aliona hotuba imekwenda vizuri, na pilau alipakua mara ya pili.

Ungedhani alijifunza. Wapi! Mwezi wa tatu mwaka huu lilikuja boksi jingine, la kikundi kipya cha wapondaji kule Buigiri. Castory akalifungia stoo palepale, akatangaza kwamba litakabidhiwa leo, siku ya kuagwa kwake, liwe kumbukumbu ya utumishi wake uliotukuka. Miezi yote hiyo watu wanaponda mawe, yeye anasubiri keki. Juzi alinipa ufunguo nikalifunge boksi utepe wa bluu. Nimelifunga.

Kwa hiyo, Mheshimiwa mgeni rasmi, boksi lililoko mezani mbele yako ukilinyanyua utaona ni zito. Ni kokoto tupu. Miwani iko Buigiri tangu jana asubuhi, mimi na Loisi tuliipeleka. Hakuna aliyeimba wala kusoma risala. Loisi aliwavalisha mmoja mmoja, akawakazia mikanda, akawaonya wasiivue hata jasho likiwasumbua, na nyundo zikaendelea. Kama hilo ni kosa la nidhamu, mlango wa ofisi yangu unajulikana.

Bwana Castory, ahsante kwa sauti yako, kwa pilau nyingi, na kwa kutueleza hatari ya kipande cha jiwe. Sisi tulikusikia, wewe hukujisikia mwenyewe. Nenda Songea salama. Upumzike, ule mahindi ya kuchoma, wajukuu wakuzunguke, na siku zako huko ziwe njema na nyingi. Ukiikuta nyumba yako mpya haina mgeni rasmi, sukuma mlango uingie.

Loisi tulimwalika aje kukuaga. Ametuma salamu kwamba yuko Ihumwa, kazini, na miwani ameivaa, maana jicho limebaki moja.