Verna Isobel Kernick, Aliyeijua Mimea ya Mundara

Marehemu Verna Isobel Kernick, ambaye leo tarehe 31 Agosti 2023 tumekuja kumlaza hapa Callanda kando ya mume wake, alizaliwa tarehe 9 Julai 1941 katika nyumba ya wafanyakazi wa reli, hatua chache kutoka mahali tuliposimama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Percival na Edith Goldsworthy. Babu Percival alikuwa msimamizi wa matengenezo ya njia ya zamani ya treni ya Alice Springs. Mdogo wa pekee wa Verna, Alwyn, ndiye baba yangu, yule aliyekaa kwenye kiti pale mbele. Mimi ni Hester. Marehemu alikuwa shangazi yangu, na miezi kumi na saba ya mwisho aliishi kwangu.

Masomo yake aliyapata kwa posta. Karatasi zilikuja na treni kutoka Adelaide kila baada ya wiki mbili, naye alizijaza kwenye meza ya jikoni na kuzirudisha. Alipokuwa na miaka tisa alianza kubana majani na maua katikati ya karatasi za hesabu, na kumuuliza mwalimu, ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, majina ya mimea hiyo. Ripoti ya mwaka 1950 bado tunayo. Imeandikwa: "Hesabu: dhaifu. Majani: mengi mno." Mwaka 1954 alipelekwa bweni Port Augusta, akakaa miaka miwili, akarudi nyumbani kumsaidia mama yake aliyekuwa mgonjwa. Hakusoma tena darasani. Yote aliyoyajua baada ya hapo aliyapata kwa kupiga magoti chini na kutazama.

Alianza kazi mwaka 1959 kama mpishi wa ranchi ya ng'ombe ya Mundara, kilomita sabini magharibi ya hapa. Msimamizi wa visima na vinu vya upepo alikuwa kijana mmoja mrefu, Desmond Kernick. Siku moja Desmond alimletea maua aliyoyachuma njiani, akayaweka mezani. Shangazi akayatenganisha moja moja na kuyataja kwa majina. Kisha akasema, "Na hili la tatu linaua ng'ombe. Umelitoa wapi?"

"Kisima cha pili."

"Basi kawahamishe ng'ombe, halafu urudi tuongee."

Desmond aliwahamisha ng'ombe, akarudi. Walifunga ndoa tarehe 4 Mei 1963 katika kanisa la bati la hapa Callanda. Desmond akawa meneja wa Mundara, na mtoto wao mmoja, Lyall, alizaliwa tarehe 20 Februari 1966.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka miaka ile. Mvua ilikuwa imekata tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini. Ng'ombe walikuwa wameimaliza ardhi yote iliyozunguka nyumba, na vumbi lilikuwa linaingia hadi kwenye chupa ya mtoto. Lyall alikuwa na ugonjwa wa kifua. Mara mbili alichukuliwa na ndege ya daktari akiwa amebadilika rangi. Mwaka 1969 watu wa kilimo walikuwa wanawashauri wenye ranchi wapande nyasi za bafeli, zilizotoka Afrika, kwa sababu hushika udongo na hazifi kwa jua. Desmond alileta magunia sita. Yeye aliendesha lori. Shangazi alikaa nyuma na kuzimwaga mbegu kwa mikono yake, kuizunguka nyumba, kisha kando ya barabara yote hadi kisima cha nne.

Nyasi ziliota. Vumbi likatulia. Lyall akaanza kulala usiku kucha bila kukohoa. Hili nalisema kwa sababu marehemu aliniagiza nilisome hapa, na Lyall ameniruhusu.

Mvua kubwa ya mwaka 1974 iliwaletea watu wa Mundara maua ambayo hawakuwahi kuyaona. Ndipo Shangazi alipoanza kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo. Alitengeneza fremu ya mbao ya kukaushia mimea, akawa anatembea na mwanamke mmoja wa Waanangu, wenyeji wa asili wa nchi hii, aliyekuwa akiishi na jamaa zake kando ya kijito cha mchanga. Watu wake hawalitaji jina la aliyefariki, kwa hiyo nitamwita Kunmanara, jina la badala wanalolitumia wao. Binti yake, Lorna, yuko nasi. Kunmanara ndiye aliyemfundisha kuchimba, kuonja na kusubiri. Shangazi naye alimsomea vitabu kutoka mjini, na Kunmanara alivicheka sana.

Tarehe 12 Septemba 1975, juu ya kilima cha mawe mekundu nyuma ya kisima cha nne, wawili hao walikuta vichaka vifupi vya kijivu vyenye maua ya zambarau yaliyokolea. Walivihesabu. Vilikuwa arobaini na kimoja. Kunmanara alivijua tangu utoto, na alisema havioti mahali pengine popote alipowahi kufika yeye au bibi yake. Shangazi alituma tawi moja lenye ua kwa wataalamu wa mjini. Jibu lilikuja baada ya miezi minane: mmea huo haukuwa katika kitabu chochote. Walimpa namba ya kutumia mpaka watakapoupa jina.

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja, kuuotesha mahali pengine ili usibaki kwenye kilima kimoja. Alijenga kitalu nyuma ya jiko. Mle ndani aliotesha karibu kila kitu. Mbegu za akasia alizimwagia maji yanayochemka. Nyingine alizifukiza moshi. Kwandong aliupanda pamoja na mche mwingine, kwa sababu mti ule hunyonya mizizi ya jirani, na tulikula pai za matunda yake kila Krismasi. Watu walitoka mbali kuja kuchukua miche yake. Lakini mmea wa kilima ulimshinda. Mbegu hazikuota kwa moto, moshi, wala baridi. Vipandikizi vilitoa mizizi, vikaishi mwaka mmoja au miwili, vikafa vyote ndani ya wiki moja.

Miaka kumi na mitatu ilipita hivyo. Siku moja mwaka 1988 Kunmanara alimkuta kitaluni akizisugua mbegu kwa msasa.

"We Verna," akamwambia, "umeshazichemsha, umezivutisha moshi, sasa unazikwangua. Kesho utazisomea gazeti?"

"Una wazo lingine?"

"Mimi? Hujaniuliza hata mara moja. Muulize emu. Yeye ndiye anayekula tunda lake."

Kwa miezi miwili walikusanya kinyesi cha emu, ndege mkubwa asiyeruka, kutoka kilimani na kukichambua kwenye meza ya jikoni. Mjomba Desmond alilalamika. "Verna, niondolee mavi mezani, nataka kula."

"Kula upande wa dirisha," akajibiwa.

Zilitoka mbegu tisini na mbili. Zikaota kumi na moja. Baba yangu anasema hakumwona dada yake akilia kwa furaha ila siku hiyo. Mwezi Mei 1989 waliirudisha miche ile kilimani, kila mmoja ndani ya uzio wake wa waya kwa ajili ya sungura. Saba iliishi. Vichaka vikawa arobaini na vinane. Iliyopandwa kwingine ilikufa yote.

Kunmanara alifariki mwaka 1999. Shangazi alizipitia daftari zake zote, akalifuta jina la rafiki yake kila lilipoandikwa. Ilimchukua wiki nzima.

Mwaka 2003 nyasi za bafeli zilifika kilimani. Zilikuwa zimeshafunika kijito, kambi ya zamani, na uwanda wote aliokuwa akichuma maua. Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na sita, Shangazi alipanda kilima na jembe na mtaimbo kabla jua halijawa kali, akang'oa. Lorna alikwenda naye. Mimi nilikwenda kila likizo. Kila mvua iliponyesha, kazi ya mwaka mzima ilirudi mwanzo ndani ya siku kumi. Hatukuwahi kufika upande wa pili wa kilima.

Mjomba Desmond alipokuwa akiugua mwaka 2006, nilikuwa chumbani. Alikuwa anatazama dirishani.

"Tulizimwaga sisi, Verna."

"Niliyemwaga ni mimi. Wewe ulikuwa unaendesha."

"Mtoto alikuwa hapumui."

"Najua, Des. Kunywa chai yako."

Alifariki tarehe 3 Juni mwaka huo.

Macho ya Shangazi yalianza kufifia mwaka 2015. Alikuwa akiona pembeni tu. Katikati kulikuwa na doa. Akawa anaitambua mimea kwa kuipapasa na kuinusa, na hakukosea mara nyingi. Tarehe 17 Januari 2019 radi ilipiga uwanda wa Mundara. Mimea yetu ya kale iliota kwa kuachana, na moto wa zamani uliishia kwenye mchanga mtupu. Safari hii hapakuwa na mchanga mtupu. Nyasi ziliubeba moto hadi kileleni.

Siku ya nne nilimpeleka. Akashuka garini, akasimama.

"Niambie unaona nini."

"Majivu, Shangazi."

"Nyaya za uzio zipo?"

"Zipo. Ndani hamna kitu."

"Hamna kitu, au kuna visiki?"

"Kuna visiki."

"Basi nipeleke kwenye kisiki cha kwanza. Usiniambie hamna kitu."

Nilimshika mkono. Vichaka vilivyokuwa hai kabla ya moto vilikuwa thelathini na kimoja, maana ukame ulikuwa umekwisha kuchukua vingine. Alipiga magoti kwenye kila kisiki, akafukua kwa vidole hadi kwenye mzizi, akavunja kipande, akanusa. Kila mara alisema, "Huu umekufa." Tulimaliza saa sita mchana. Lorna alitupa maji.

Tulisubiri mvua, kwa kuwa mizizi mingine huchelewa. Mvua ilikuja Januari 2022, nyingi kuliko ya 1974. Mwezi wa pili tulipanda tena kilima. Bafeli zilikuwa zimefika magotini, kijani kibichi, zimefunika mpaka mawe. Shangazi alizipapasa kwa kiganja huku na huku. Akasema, "Turudi." Hakuwahi kupanda tena.

Machi mwaka huo nilimhamishia kwangu Port Augusta, kwa sababu figo zilikuwa zinashindwa na safari za matibabu zilikuwa ndefu. Hapo ndipo ilipokuja barua kutoka kwa wataalamu wa mjini. Kijana mmoja alikuwa amelikuta lile tawi la 1975 ndani ya kabati. Walitaka hatimaye kuutangaza mmea ule kama mmea uliotoweka, na kuupa jina la Verna. Nilimsomea.

"Waandikie wasifanye hivyo."

"Shangazi, ni heshima."

"Mtaniandikia jina langu kwenye kitu nilichokiua?"

Nilimuuliza basi upewe jina gani. Alisema wa kupewa heshima hiyo ni mmoja tu, na jina lake halitajwi. Niliandika alivyotaka. Mpaka leo mmea ule unajulikana kwa namba.

Zilibaki mbegu sitini katika chupa ya jamu, zilizokaa kwenye jokofu tangu mwaka 2002. Nusu tuliwapelekea wataalamu. Walizipasua, wakakuta kiini kimekauka. Nusu nilizichukua mimi. Nilimlisha emu wa jirani yangu, nikakusanya kinyesi chake, nikapanda kama nilivyofundishwa, nikamwagilia miezi mitano.

Mwezi huu wa nane hali yake ilibadilika, akalazwa hospitali ya Port Augusta. Tarehe 20, saa nne asubuhi, aliniuliza, "Zimeota?"

Nilikawia kujibu. Kisha nikasema, "Hapana, Shangazi."

"Lyall alikuambia useme zimeota, siyo?"

"Ndiyo."

Alicheka kidogo. "Usimgombeze. Na usiendelee kumwagilia. Miezi mitano inatosha, huo ni mchanga mtupu."

Nilimuuliza kama anajuta zile mbegu za magunia. Lilikuwa swali baya kumuuliza mgonjwa, lakini nililiuliza. Alijibu kwamba angekuwa mama wa Lyall tena angezimwaga tena, na kwamba hilo ndilo hajaweza kulimeza kwa miaka hamsini. Halafu akaomba nimgeuze upande.

Marehemu Verna Isobel Kernick aliaga dunia tarehe 22 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Lyall alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mtoto mmoja, Lyall, na mkewe Beverley. Wajukuu wawili, Tamsin na Rohan. Mdogo wake, Alwyn. Mimi mpwa wake. Na Lorna, aliyemwita mama mdogo. Ametanguliwa na wazazi wake, na mume wake Desmond, na Kunmanara.

Familia inawashukuru kwa kuja kutoka mbali. Mtaona makaburi haya nayo yamejaa bafeli, na mbegu zake hunasa kwenye nguo. Marehemu asingenisamehe nisiposema: kabla hamjaingia kwenye magari, tafadhali zichambueni soksi zenu na mzitupe mbegu katika ndoo iliyo langoni. Lorna na mimi tutazichoma.

Lala sasa, Shangazi. Jumamosi ikifika, hakuna wa kukuamsha.