Edison au Brampton, Mzee Chiman Aseme Leo

Benchi liko mbele ya dirisha langu la chai, barabara ya Devon, Chicago, na anayelifuta ni mimi, si manispaa. Kila mchana wanaketi watatu wale wale. Meya, ambaye hajawahi kugombea hata uenyekiti wa jengo lake. Ramani, kalasinga aliyeendesha teksi miaka thelathini na bado anapotea akienda kwa daktari wa meno. Na mzee Chiman, mgane, ambaye jengo analokaa linavunjwa mwisho wa mwezi. Mwanawe wa kiume yuko Edison, New Jersey. Wa kike yuko Brampton, Kanada. Saa kumi mwenye lori angepita kuchukua anwani, ajue mizigo inakwenda wapi. Ilikuwa saa tisa na nusu, nami nilikuwa nimesimama tangu alfajiri.

— Edison, alisema Meya. Kule ukinunua biringanya mbili wanakutilia kotmiri bure. Hapa siku hizi kotmiri inalipiwa. Mtaa wa kulipia kotmiri si mtaa, ni hospitali.

— Brampton kotmiri wanakula hata bata bukini, Ramani akajibu. Tena bata wa kule wanajua Kipunjabi. Wafokee kwa Kiingereza, wanakukodolea macho tu. Wafokee Kipunjabi uone wanavyopisha gari.

— Mzee ni Mgujarati, bwana. Bata watamwelewaje?

— Watafundishana.

— Nina miaka sabini na minane, alisema mzee Chiman. Waanze bata.

Niliwamiminia chai ya pili.

— Edison, king'ora cha moshi kikilia, jirani Mmarekani habanduki kitini. Ananusa kwanza. Akijua ni haradali inakaangwa, anaendelea na gazeti lake.

— Brampton theluji haikai. Vyumba vya chini vimejaa watu, ardhi inapata joto. Januari mtu alivuna bamia.

— Acha uongo wewe! Binti wa mzee si alituma picha ya gari limefukiwa?

— Kwa binti yake wako wanne tu. Ndiyo maana wanamhitaji mzee.

Meya akasogea, akashusha sauti.

— Sikieni. Edison inasogea.

— Wapi?

— Kuelekea Gujarat. Inchi mbili kila mwaka. Binamu yangu amepima.

— Kapima na nini?

— Futi ya fundi cherehani. Ana duka la suti.

Mzee Chiman alihesabu kwa vidole.

— Inchi mbili. Nitafika lini?

— Ukipunguza sukari, utafika.

Mwanamke kijana, mgeni mtaani, alikuwa dirishani akisubiri sambusa zake. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, mzee. Katika hao watoto wako wawili, ni yupi aliyekwambia njoo?

Ramani akatazama magari. Mimi nikafuta mahali palipokuwa safi.

— Wana kazi nyingi, alisema mzee Chiman.

Nikamsogezea simu ya dukani.

— Piga. Lori linakuja.

Alibonyeza namba bila kutazama karatasi yoyote. Hatukujua kama ni Edison au Brampton, wala hakuna aliyeuliza. Ikaita sana. Hatimaye tukasikia sauti ya mtu, kwa mbali, na mzee Chiman akakaa wima.

— Ni mimi, akasema. Umekula?