Karatasi Zilizokataa Kuwaka

Kwa mujibu wa tangazo rasmi la tarehe 3 Machi 2009, lenye mihuri miwili na ambalo halijafutwa hadi leo, uwanja wa shule ya msingi inayopakana na makaburi haya hauna mabomu ardhini. Familia inalitambua tangazo hilo.

Dada yetu, Mama Karatasi, alizaliwa tarehe 19 Juni 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Shuleni alipenda kemia. Mama yetu alipenda zaidi nyusi zake, zilizoungua mara mbili. Alihitimu chuo kikuu mwaka 1975.

Kwa miaka thelathini na tano, katika maabara yenye dirisha moja lisilofunguka, alitengeneza karatasi zilizopakwa dawa inayong'aa kijani chini ya taa ya zambarau. Zikigusa chembe za baruti, hata zisizoonekana kwa macho, zinazimika.

Mumewe alikuwa mlipuaji wa miamba machimboni. Alipita maabara kushangaa tu, akashika karatasi, ikazimika.

"Mikono hii imeshika baruti," dada akamwambia.

"Basi niruhusu ishike na wako."

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979. Tangu hapo shemeji alipimwa mikono kila alipotaka kula, na mara nyingi alirudishwa kunawa.

Mwaka 2009 wakaguzi walitumia karatasi zake kupima uwanja huo wa shule, uliokuwa kambi ya jeshi zamani. Zote ishirini zilizimika. Wao, kwa imani kwamba hatari lazima iwake, wakatangaza pako salama, watoto waanze kucheza Jumatatu. Jumatatu alfajiri dada akaweka kiti langoni.

"Mama, tupishe, watoto wanataka kucheza," mkaguzi mkuu akamwambia.

"Tangulia wewe, mwanangu. Piga danadana kidogo nikuone."

Mkaguzi akakumbuka ana kikao. Dada alikaa pale siku nne, akifuma sweta, hadi wategua mabomu walipofika.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki tarehe 14 Februari 2024, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake anayesoma haya, na wajukuu watano waliocheza mpira kwenye uwanja ule hadi viatu vikaisha. Mungu amlaze pema, apumzike na kazi yake.

Mabomu yaliyotolewa uwanjani yalikuwa tisa.