Mzee Barnaby Quilter, Mpanga Herufi Aliyemjua Cobb

Marehemu Mzee Barnaby Quilter alizaliwa tarehe 11 Februari 1604 mtaa wa Aldersgate, London, mtoto wa tatu wa mtengeneza mishumaa. Alisoma shule ya parokia miaka mitano, akatoka na Kilatini cha kutosha kumcheka kasisi, na kasisi alilijua hilo.

Mwaka 1618 aliingia kiwanda cha chapa cha Bwana Pell, akajifunza kupanga herufi za madini ya risasi kinyumenyume, moja moja, hadi mstari ujae. Mwaka 1626 michezo yote ya marehemu Lambert Orme ilitoka kwa mara ya kwanza katika kitabu kimoja. London nzima inajidai kukijua kitabu hicho. Waliokisoma ni wachache. Babu yangu alikipanga, nusu nzima, kwa mikono yake.

Mwaka 1629 alimwoa Thomasin, binti wa mjalidi vitabu. Alimposa kwa kumpelekea mstari wa risasi uliofungwa uzi, bibi akalazimika kutafuta kioo ausome. "Kumbe wewe hata kuposa unaposa kinyumenyume!" alimwambia. Lakini alikubali.

Sasa habari ya Cobb. Karatasi za mchezo wa *Mjane wa Deptford*, zilizotoka jumba la michezo, zilisema: "Anaingia Cobb na kiti." Cobb hakuwa mtu wa kwenye hadithi. Alikuwa mbeba viti wa jumba lile, jina lake likaandikwa pale ili asisahau zamu. Babu alikuwa akinywa naye bia. Akamwuliza Bwana Pell kama alitoe jina hilo.

"Quilter, wewe panga ulichoandikiwa. Kufikiri waachie wenye ndevu."

Akapanga.

Toleo la pili, mwaka 1634, muuza vitabu Stallard alimtia Cobb kwenye orodha ya wahusika: "Cobb, mtumishi." Mwaka jana, toleo la tatu likiandaliwa, mwanawe, Bwana Humphrey Stallard, alimpandisha cheo: "Bwana Cobb, mwungwana." Akamtungia na mistari miwili ya kusema! Akaongeza na michezo minne isiyo ya Orme, ambayo Orme angeiota, angeamka akitema mate. Na huyu ndiye anayeitwa msomi.

Babu alisikia, akaenda dukani kwake, nami nimemshika mkono.

"Bwana Stallard, Cobb alikuwa mbeba viti. Tena alikuwa na chongo."

"Mzee, wasomaji wanampenda."

"Watampendaje mtu ambaye hayumo?"

"Mbona wewe umo, na hakuna anayekupenda?"

Wauzaji wake wakaangua kicheko. Kitabu kilipotoka mwezi Oktoba, utangulizi ulisema makosa ya toleo la kwanza yalitokana na "mpanga herufi mlevi."

Tangu mwaka 1661 mikono ya babu ilikuwa ikitetemeka. Ni ugonjwa wa sumu ya risasi ya herufi, kila mpanga herufi anaujua. Lakini majirani walisoma utangulizi ule, wakaitazama ile mikono, wakaamini. Akaacha kuja kanisani, asionekane akishika kitabu cha sala. Alifariki nyumbani tarehe 3 Mei 1664, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Waambie sikulewa."

Basi nawaambia. Bia alikunywa, kama ninyi nyote. Kazini hakulewa hata siku moja. Bwana Stallard yupo safu ya pili, amevaa glavu za msiba tulizowagawia waombolezaji. Tunamshukuru kwa kuja. Mvinyo utatolewa baadaye, avumilie.

Wenzake wa kiwandani wamechapa wasifu huu nakala mia tatu, wakazikata kwa kipimo cha kurasa za kitabu kile. Mwenye kitabu aubandike juu ya utangulizi. Gundi iko mlangoni.

Ameacha mjane, Thomasin; watoto wawili, Ursula na Miles; na wajukuu watano. Apumzike kwa amani, na asitokee mtu wa kumsahihisha tena.