Mama Masaa Matatu, Aliyeunganisha Safari za Wengi

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa dereva wa lori na mshonaji wa nguo. Mama alikuwa akisema alichelewa wiki mbili kuzaliwa, na kwamba hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kuchelewa popote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Jiografia aliimeza. Hesabu zilimpiga chenga, ingawa baadaye alijumlisha na kutoa saa za nchi sita kichwani, bila kushika kalamu.

Mwaka 1976 aliajiriwa kukata tiketi katika ofisi ya shirika la ndege, dirisha la pili kutoka mlangoni, na hapo akakaa miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwaunganishia abiria ndege katika ile miji mikubwa ambako njia za angani hukutana. Mwaka 1983 alimkatia mzee mmoja, aliyekuwa akienda ng'ambo kumzika mkewe, safari yenye dakika arobaini na tano tu za kubadilisha ndege. Ya kwanza ilichelewa, ya pili ikamwacha. Aliporudi, mzee alipita ofisini. Hakugomba.

"Binti, nimekuta wameshafukia," alisema.

Dada alilia siku mbili. Kuanzia hapo hakumkatia mtu tiketi yenye chini ya masaa matatu kati ya ndege na ndege. Hakuwa na muhali na yeyote: wakubwa, wafanyabiashara, hata mimi mdogo wake, niliyewahi kukalia kiti cha chuma masaa tisa, eti kwa usalama wangu. Abiria wakambandika jina la Mama Masaa Matatu, naye akaliitikia.

Tarehe 5 Desemba 1981 alikuwa ameolewa na fundi wa majokofu, shemeji yetu mpole kuliko sisi sote. Walijaliwa binti mmoja, muuguzi, anayeishi umbali wa ndege mbili kutoka hapa.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Jumatatu tarehe 7 Oktoba daktari alitwambia siku zilizobaki ni za kuhesabu. Binti akapiga simu, nami nikamshikia mama yake. Njia zilikuwa mbili: moja ya kuondoka siku moja baadaye, kusubiri masaa matano katikati na kufika Alhamisi, nyingine ya dakika hamsini na kufika Jumatano asubuhi.

"Mama, nipite wapi?"

"Hiyo ya dakika hamsini."

"Mama! Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Kimbia, mwanangu."

Mimi nilipinga, nikasema ni dawa zinazoongea. Nilikosea.

Binti aliingia wodini Jumatano saa nne asubuhi, roho mkononi. Mama yake akafumbua macho.

"Ulikaa karibu na mlango?"

"Safu ya kwanza, mama."

"Vizuri."

Walishikana mikono hadi saa kumi na nusu jioni, marehemu alipokata roho.

Ameacha mume, kaka mmoja, wadogo wawili na binti yake, ndiye huyo mnayemwona kando ya jeneza. Begi lake halikuiwahi ndege ya pili, na hadi leo Jumamosi halijafika. Gauni alilovaa ni la mama yake, na limemwenea.

Apumzike dada yetu kwa amani, bila mtu wa kumharakisha.