Maji ya Mtani

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na miguu yangu yote miwili ilikuwa inalingana. Nianzie hapo.

Wako humu wanaoniona nachechemea hapa Majengo wakadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusaidiana ameniomba niseme, na mimi si msemaji. Shule niliiacha darasa la pili. Majina sitataja. Wengine wameshakufa, na mmoja yupo humu ndani, ameweka mguu wenye bandeji juu ya benchi. Asigeukie ukutani. Huyo bwana aligongwa mwezi uliopita, tukampelekea unga, na unga ukarudi na kamba yake haijafunguliwa, pamoja na neno: "Mwambieni mzee mimi si Mgogo." Nimelisikia neno. Nitalirudia baadaye.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Mimi ni Mgogo, na mnajua mijini wanavyotusema, kwamba sisi tunazaliwa mkono umeshanyooshwa. Nilipokuwa mtoto njaa ilipiga kwetu, mtama ukafia shambani, mama akanishika mkono tukapanda treni kwenda mjini kuomba. Tukakaa chini, kando ya ukuta wa duka. Mtu mmoja akamwekea mama mkate kwenye kanga, kisha akamwambia mwenzake, "Hawa, kuomba ndiyo kilimo chao." Wakacheka. Mama naye akacheka, maana mkate ulikuwa umeshatolewa na adabu ilitakiwa. Mimi sikucheka. Mkate niliula, lakini niliapa kwamba mkono huu hautanyooshwa tena ukiwa mtupu.

Nikachunga mbuzi za watu. Nikabeba magunia. Ilipokuja miaka ya ruksa, mtu akaweza kununua na kuuza bila kuvizia vizuizi vya barabarani, nikaingia kwenye kuku. Nilizunguka vijiji vya Bahi na ng'ambo yake, nanunua, napakia kwenye matenga, naleta mjini. Kwanza kwa baiskeli. Baadaye nikanunua pikipiki, mtumba, nyekundu. Ndugu zangu, nawaambia, nilipopita nayo kijijini mara ya kwanza wazee waliniamkia shikamoo. Wazee! Na mimi nikaitikia.

Siku ya ajali ilikuwa kiangazi, jua la saa sita. Natoka Bahi, nyuma nimefunga matenga mawili yamejaa. Barabara enzi hizo ilikuwa vumbi tupu, na reli iko pale pale pembeni, unaweza kuirushia jiwe. Nikafika kwenye korongo lenye mchanga mwingi. Mwendo sikupunguza. Niliona kupunguza mwendo ni kwa watu wa baiskeli. Gurudumu la mbele likazama, matenga yakanisukuma kwa nyuma, na nilipotulia nilikuwa chini, pikipiki iko juu ya paja langu, na bomba la moshi linanichoma shavu la mguu. Mfupa niliusikia ukilia, kama kuni kavu. Tenga moja lilipasuka. Kuku wakatoka mmoja mmoja, wakajikung'uta, wakaanza kudonoa kama vile wamefika nyumbani.

Nilijivuta kwa viwiko mpaka kwenye kichaka kilichokuwa na kivuli kidogo juu ya korongo. Nikaegemea. Baada ya muda likapita lori. Dereva akapunguza, akaniangalia. Pikipiki hakuiona, ilikuwa chini korongoni. Aliona mtu amekaa kivulini, akadhani anapumzika. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mkono.

Sikuinua. Sikilizeni vizuri. Mfupa umevunjika, na mimi nawaza kwamba mkono wa mtu aliyekaa chini kando ya njia, ukiuinua, unafanana na mkono wa mama yangu pale dukani. Lori likaenda zake.

Sijui nilikaa pale muda gani. Ulimi ulikuwa umekauka kama ngozi iliyoanikwa. Wakaja watu wanatembea juu ya reli, wana sururu na koleo, wale wa kukaza mataruma ya reli. Mbele yao mtu mfupi, mweusi, kofia imechanika. Akasimama akaniangalia, akaangalia pikipiki, akaangalia kuku.

"Bwana," akasema, "ni wewe umeiangusha pikipiki au pikipiki ndiyo imekuangusha?"

"Niacheni. Gari litapita."

"Gari lipi? Lile la Krismasi? Kabila gani wewe?"

"Mgogo."

Akapiga makofi. "Jamani, njooni muone! Mgogo amekaa kando ya njia na hajaomba kitu! Huyu anaumwa kweli."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaweka koleo chini. Mnyamwezi mimi namjua akifungua mdomo tu, na watani wetu ndio hao, tangu zamani za zamani. Mtani hachukiwi. Nikamjibu kwa sauti iliyobaki, "Na wewe punda wa Tabora, mzigo wako umeuweka wapi?"

"Mzigo wangu ndiyo wewe, naona." Akachuchumaa. Alikuwa na kidumu cha maji. Akanywa yeye kwanza, taratibu, akajifuta mdomo. "Macho yako yanalifuata dumu langu kama mbwa na mfupa."

"Sijaomba."

"Nimesikia hujaomba. Sasa nikwambie jambo. Babu yangu alipita hapa hapa na pembe ya ndovu begani, anakwenda pwani. Babu yako alikuwa amekaa juu ya kisima na mkuki wake. Maji alimpa? Hakumpa! Toa kitambaa, toa shanga, toa jembe, ndipo unywe. Babu akatoa, akanywa, akarudi nyumbani akatuusia: wajukuu zangu, nitafutieni Mgogo mwenye kiu. Tumetafuta, bwana. Tumetafuta mpaka tumeajiriwa reli. Leo nimempata. Sasa utakunywa maji ya Mnyamwezi bure. Bure kabisa! Na utazikwa na hiyo aibu."

Nilicheka, ndugu zangu. Nilipocheka mguu ukanipiga, nikalia, na katikati ya kulia nikafungua mdomo, akaninywesha kama ndama. Angeniambia, "Pole maskini, kunywa," ningekufa na kiu yangu, nawaapia. Alinitukana, nikaona ananihesabu mtu. Maskini hatukanwi, anahurumiwa.

"Maji yako yananuka mafuta ya taa," nikamwambia.

"Ya bure ndivyo yanavyonuka."

Walifunga mguu kwenye mpini wa sururu kwa vipande vya gunia. Wakanilaza kwenye toroli lao, lile la kusukuma kwa mkono juu ya reli, ambalo halikuwekwa kwa ajili ya kubeba Wagogo, na mkubwa wao angejua wangefukuzwa kazi. Hilo nililijua baadaye, wao hawakulisema. Wakanisukuma juani mpaka stesheni ya Kigwe, wanapokezana, wanaimba, na kila ubeti wa wimbo ulikuwa matusi juu yangu. Treni ya mizigo iliponichukua, mtani akanisogelea sikioni. "Kuku wako tumewateka. Usiulize."

Nikalazwa mjini, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Mke wangu alikuwa kijijini, tumbo limeshafika siku zake, watoto wadogo, hangeweza kuja kukaa. Na mgonjwa asiye na mtu wa kumletea chakula anajulikana wodi nzima. Nilikuwa nafumba macho wengine wanapokula.

Kesho yake akaja mama mmoja na chupa ya uji na bakuli la ugali na mlenda. "Mimi ni dada yake yule wa reli," akasema. "Nauza uji hapa mjini. Kaa vizuri ule."

"Mama, sikujui."

"Na mimi sikujui, ila kaka amesema una kiburi na una kuku. Kuku nimewauza. Hiki ni chakula chako mwenyewe, usinisumbue."

Basi nikala. Nilikula kifua mbele, maana nakula mali yangu. Siku nyingine nilidiriki kusema chumvi imezidi. Akanijibu, "Umenunua wewe, malizia." Akawa anakuja kila siku, mvua zikaanza akaja na viatu mkononi. Mke wangu akajifungua, na mama huyo ndiye aliyeniletea habari: mtoto wa kike, wote wazima.

Nilipotoka na magongo, mguu mmoja umefupika, nikapanda treni mpaka Kigwe, nikaenda kwenye kambi ya reli kumshukuru mtani kiume, kisha nirudi kwetu. Nikasikia jogoo anawika. Nikamjua sauti. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la mabati chakavu, na ndani yake kuku wangu, wale waliookoka, na vifaranga vya nyongeza. Walikuwa wanalishwa mahindi ya wafanyakazi. Hakuuzwa hata mmoja.

Nikasimama pale na magongo yangu. "Mlinidanganya."

"Ungekula?" akaniuliza.

"Nisingekula."

"Basi funga mdomo, unatisha kuku."

"Dada yako alikuwa ananilisha uji wa biashara yake?"

"Na wa watoto wake. Na chumvi ukasema imezidi. Alinieleza."

Nikamwambia nitaleta mbuzi. Akakasirika, mara ya kwanza namwona kakasirika. "Mtani halipwi! Mtani anajichukulia." Akaingia bandani, akamkamata jogoo wangu mzuri kuliko wote, akamfunga miguu. "Huyu nabaki naye, ana sura yako. Wengine ondoka nao."

Kwa kuku hao nilianza upya. Sikuanza na mkopo wala na dua peke yake. Mwenye masikio asikie.

Alistaafu akarudi kwao, upande wa Tabora. Kila nilipopata mtu wa kwenda huko nilimtumia tusi, na yeye alinirudishia. Mwaka mmoja ujumbe uliokuja haukuwa tusi: amefariki. Nikapanda treni na dumu la maji kutoka kwenye kisima changu. Nilifika wanachimba kaburi. Mnajua kazi ya mtani msibani, kuzuia maziko kwa mzaha mpaka apewe kitu. Nikasimama juu ya udongo, nikapaza sauti: "Huyu hazikwi! Nani ana kiu hapa? Maji ya Kigogo haya, hayatolewi bure! Leteni shanga!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Dada yake, ameshazeeka, akanivuta shati.

"Shuka, ombaomba wewe, tumzike ndugu yetu."

"Sishuki."

"Unataka nini?"

"Nataka aamke anitukane."

Hapo utani ukaniishia. Yule mama akanishika mkono akanishusha kama mtoto. Maji nikawanywesha wachimba kaburi, kila mmoja mpaka akasema basi.

Nawashukuru watu wale wa sururu, ambao majina yao mengine sikuwahi kuyajua. Namshukuru mama wa uji. Namshukuru mke wangu, aliyezaa peke yake na hakunilaumu. Funzo langu ni dogo, lichukueni au mliache. Mimi sikuacha kiburi, mnanijua. Ila nilijifunza kwamba mtu anayetoa tu na hataki kupokea anataka wenzake wote wawe chini yake. Hilo si heshima. Lile lori lilipita kwa sababu yangu, si kwa sababu ya dereva.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma. Nina mabanda matatu ya kuku, na jogoo wa ukoo ule ule. Nina kibanda sokoni na mashine ya kusaga. Nina ng'ombe, wachache. Nina mke yule yule, na binti aliyezaliwa nikiwa nimening'inizwa, sasa ni mwalimu. Pikipiki ninayo, sipandi. Nina mguu mrefu mmoja na mfupi mmoja. Na nina kisima kando ya barabara ya Bahi, karibu na lile korongo. Kata ya kunywea imefungwa kwa mnyororo kwa sababu ya wezi wa kata, si kwa sababu ya wanywaji. Anakunywa anayepita.

Maji yaliyo hapa mezani nimeyachota huko asubuhi. Na ule mfuko wa unga uko chini ya meza, kamba haijafunguliwa.

Sasa wewe bwana wa benchi. Umetuma neno kwamba wewe si Mgogo. Najua. Wewe ni Mnyamwezi, baba yako Mnyamwezi, na babu yako alipita hapa na mzigo, akanunua maji kwa babu yangu. Basi njoo. Huwezi kusimama? Mpelekeeni kikombe. Utakunywa maji ya Mgogo bure, bwana, bure kabisa, na unga utaubeba, na utazikwa na hiyo aibu.

Kunywa, mtani. Watu wanasubiri kucheka.