Kompyuta ya Mama Mhuri: Risala kwa Mkurugenzi wa Maji

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maji. Mabwana na mabibi mliofuatana naye kutoka makao makuu. Fundi wa kompyuta uliyekaa kule nyuma na mkoba wako. Na ninyi wafanyakazi wenzangu:

Sisi wafanyakazi saba wa Kituo cha Mabomba na Mita tunakusalimu. Nimechaguliwa mimi, mtunza stoo, kusoma risala hii. Si kwamba nimesoma, maana niliishia darasa la nne, ila nimekaa hapa kuliko wote. Penye maneno yaliyopinda, nyoosheni wenyewe.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Viti mlivyokalia tumeviazima shule ya hapo jirani na vinatakiwa saa nane. Mara ya mwisho kiongozi wa makao makuu kukanyaga hapa, mlinzi wetu alikuwa bado ana nywele. Hatusemi kwa ubaya. Tunasema ili ujue kwa nini mfagizi amepiga deki mara tatu tangu asubuhi, na kwa nini tunakukodolea macho hivi.

Barua yenu ya wiki tatu zilizopita inasema kituo hiki "hakijibu", kwamba kitafungwa mwisho wa mwezi na sisi tutagawanywa vituo vingine. Umefanya vizuri kuja kwanza. Basi tujibu.

HISTORIA YA KITUO

Kituo kilianza na vyumba viwili na stoo ya mabati nyuma ya tangi. Tunaandika mabomba yaliyopasuka, tunasoma mita, tunaomba vifaa makao makuu. Miaka yote hiyo karani alikuwa mmoja. Tulimwita Mama Mhuri kwa sababu mhuri wa kituo ulikaa kwenye mkoba wake, na karatasi haikutoka hapa bila yeye kuipigia. Alikuwa mke wangu.

Kompyuta ilipoletwa, fundi wenu wa wakati huo aliuliza, "Mwenye mashine nani?" Sote tukamnyooshea kidole karani. "Niandike jina gani?" Fundi bomba akadakia, "Andika Mama Mhuri. Hilo la kwenye cheti hata mumewe kalisahau." Akaandika. Tukacheka. Hatukujua kwamba tumekifunga kituo kizima kwenye jina la mtu mmoja.

Tangu siku hiyo programu zote zilikuja zenyewe kutoka kwenu. Hakuna aliyekuja na diski wala waya. Unakuta asubuhi pembeni mwa kioo pameandikwa: "Msimamizi wako anaweka programu mpya. Usizime kompyuta." Mke wangu anasema, "Wageni wameingia," anafunika swichi ya ukutani kwa kitambaa ili mtu asiiguse. Siku moja mfagizi alichomoa waya achemshe maji ya chai. Fundi bomba akapiga kelele, "Shangazi, umemfukuza daktari katikati ya upasuaji!" Shangazi akamjibu, "Huyo daktari wako yeye hanywi chai?" Mashine ililala siku mbili. Kwa hiyo hatukuwa watu wa kuchezea vitu vyenu, ukiondoa siku hiyo.

MAFANIKIO

Wakati wa Mama Mhuri, ombi la kifaa lilitoka asubuhi na kifaa kilifika siku ya tatu. Hakuna bomba lililovuja zaidi ya siku nne. Msoma mita wetu anajua kila mita, nyumba yake na mbwa wake. Na tangu mashine igome tumeandika kila kitu kwa mkono, daftari nne, na dereva amezileta kwenu nakala zake kila mwezi. Daftari zenyewe zile pale mezani. Tunaomba uzifungue, maana nakala zilirudi na gundi ya bahasha haijabanduliwa.

CHANGAMOTO

Karani wetu alifariki miezi kumi na moja iliyopita. Ni figo, wiki sita hospitali. Tuliwapa taarifa. Mazishini hakuja mtu wenu. Barua ya rambirambi haijafika mpaka leo, labda nayo iko njiani na viungo vya mabomba. Lakini kumfuta, mlimfuta siku ya nne. Tarehe tumeonyeshwa. Siku ya nne, mgeni rasmi, viti vya msiba vilikuwa bado havijarudishwa kwa wenyewe.

Mlipomfuta yeye, ikafutika na kompyuta yenye jina lake. Programu mpya hazikuja tena. Ile ya zamani mkaikataa huko kwenu, tukituma ripoti inarudi. Kwa hiyo kwenye orodha yenu hatukuwa wagonjwa wala wazembe. Tulikuwa tumekufa naye.

Nilipiga simu ile namba ya msaada. Akapokea dada mmoja, sauti nzuri, ana haraka.

"Kompyuta yenu siioni, mzee."

"Ipo, dada. Nimeishika hapa."

"Kwenye orodha haipo. Mwenyewe nani?"

"Mke wangu."

"Basi apige yeye mwenyewe."

"Hawezi."

"Yuko likizo?"

Nikasema, "Ndiyo, dada. Ndefu."

Nikasikia anabonyeza vitu, halafu sauti ikabadilika. "Pole, baba. Nimeona." Akaniambia dawa ipo na haihitaji mtu kusafiri. Ataiweka mashine yetu kwenye foleni, itafutwa yote, ianze upya kwa jina jingine, na programu zitajiweka zenyewe kutoka kule. Kazi yangu ni kukubali tu.

Hapa, wenzangu, mnisamehe. Yanayofuata hayakuwemo kwenye karatasi tuliyoipitisha juzi. Nimeyaongeza mwenyewe.

Yule dada alitimiza ahadi. Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, kioo kikauliza: "Kompyuta hii itafutwa na kuanza upya kwa mtumiaji mpya." Chini vitufe viwili, Ruhusu na Baadaye. Nikabonyeza Baadaye. Jumatatu ya pili, vilevile. Kimeniuliza Jumatatu ishirini na tisa na zote nimejibu Baadaye. Ninyi wenzangu mlipokuwa mnaniuliza, nilisema makao makuu wamenyamaza. Msoma mita, wewe uliwatukana makao makuu mbele yangu, nami nikaitikia.

Sababu ni hii. Mashine ilikuwa haipati tena habari zenu ila swali hilo la Jumatatu, kwa hiyo haijui kwamba amefariki. Kila asubuhi nikiiwasha na kuandika neno la siri alilonifundisha, inaandika kwa herufi kubwa: KARIBU TENA, MAMA MHURI. Halafu inasubiri. Nyumbani kuna vikombe viwili na naosha kimoja. Watoto wanapiga simu Jumapili, wanauliza kama nimekula, nasema nimekula, wanakata. Redio naiwasha ili mtu awe anaongea. Hakuna pahali pengine jina lile linapoitwa kana kwamba mwenyewe yuko mlangoni anakung'uta viatu. Nilikuwa nawahi kazini kabla ya mlinzi kubadilishana zamu ili nilione peke yangu.

Na ombi la kiungo cha bomba la mtaa wa shule haliwezi kutoka bila mashine hiyohiyo. Wiki tano wanafunzi wamebeba ndoo huku mimi nasoma jina. Viti mlivyokalia ni vya shule hiyo. Mwalimu mkuu alinipa bila neno, nikashindwa kumtazama.

Kosa langu nimelitaja mbele ya watu. La kwenu ni la siku ya nne, nalo sijamsikia mtu akilitaja.

MAOMBI

Tunaomba kituo kisifungwe. Wenzangu sita hawakubonyeza kitu chochote. Kama kuna wa kuhamishwa au kuachishwa, ni mimi, na funguo za stoo ziko hapa mfukoni.

Tunaomba safari hii mashine iandikwe jina la kituo, isiandikwe la mtu. Mlinzi amejitolea iandikwe lake, anadai yeye hafi leo wala kesho, lakini sisi tunaomwona akipanda ngazi ya tangi tuna wasiwasi. Iandikwe la kituo, ili siku mtu akiondoka aondoke peke yake.

La mwisho. Wageni wa heshima hukata utepe, au hufunua jiwe. Sisi hatuna utepe wala jiwe. Tuna kitufe. Leo ni Jumatatu, saa tatu imeshapita, na dirisha la swali lile liko wazi kwenye kioo ofisini. Sijaligusa. Fundi wako ameniambia pale mlangoni kwamba msisumbuke, akirudi makao makuu ataimaliza kutoka huko kwa dakika kumi. Ahsante kwake, tunakataa. Mlishamfuta kwa mbali mara moja.

Tunaomba uingie ndani, mgeni rasmi, ukae kwenye kiti chake. Jina liko juu pale. Ulisome kwa sauti, hawa wote wasikie, kisha ubonyeze Ruhusu kwa kidole chako. Fundi akae karibu yako mpaka programu ya mwisho iingie, na ombi la kwanza litoke liwe la kiungo cha mtaa wa shule. Mimi sitaingilia. Nitasimama ukutani na kile kitambaa, nifunike swichi, mtu asiiguse mpaka mmalize.

Mungu akufikishe salama utokako, na ukifika ukute mtu amekusubiri.

Ni sisi, wafanyakazi saba wa Kituo cha Mabomba na Mita.

Tupo.